Shokapu ndefu au fupi kwenye njia ya mawe
Kwa kuteremka na baiskeli ya milimani kwenye mawe na mizizi, shokapu ndefu, yaani inayobonyea umbali mkubwa zaidi, inashinda. Shokapu ya milimita 160 inameza pigo, tairi linabaki chini na breki zinashika. Ndiyo maana baiskeli za mashindano ya kuteremka tu huwa na kama 200, wakati za kroskantri, yaani mbio za kupanda na kushuka, ni 100 hadi 120. Ila kama unapanda sana, tuseme milima ya Ngong, chukua 120 hadi 140. Ndefu ni nzito na inabonyeabonyea ukikanyaga. Na pima upepo wake tafadhali: ukikaa kwenye siti, ya nyuma izame asilimia 25 hadi 30 ya umbali wake wote wa kubonyea. Ikijazwa upepo mwingi hadi izame kidogo kuliko hapo, hata hiyo ndefu itakurusha kila jiwe.