Usianze na tarehe, anza na wimbo

Mwalimu, umeuliza uanzie wapi historia ya muziki wa Marekani, maana ukienda mwaka kwa mwaka wanafunzi wanasinzia. Mimi ningeanza na "Hound Dog". Wapigie kwanza ya Big Mama Thornton, mwimbaji Mweusi wa bluzi, iliyotoka 1953: mwendo wa taratibu, sauti ya kukwaruza, gitaa linamjibu kama jirani mmbea. Mwanamke anamtimua mwanamume asiye na faida. Halafu ya Elvis Presley, Mzungu wa rokenroli, ya 1956: kasi imepanda, ngoma zinarindima, na yule mwanamume sasa ni mbwa asiyekamata hata sungura. Waulize ni nani aliyevuma zaidi, na kwa nini. Hapo bluzi, rokenroli na ubaguzi wa rangi vimeshaingia darasani bila wewe kuhutubia.

Kisha fuata safari za watu. Muddy Waters, mwanabluzi, alihama Mississippi kwenda Chicago 1943, akashika gitaa la umeme ili asikike kwenye baa zenye makelele. Motown, kampuni ya rekodi ya Detroit, kipindi kimoja kinatosha. Hip hop usiikimbize: DJ Kool Herc, mtaa wa Bronx, New York, 1973, nakala mbili za santuri ileile, kipande cha ngoma kikirudiwa-rudiwa. Wape simu mbili wajaribu wenyewe. Na kantri usiiruke, hata kama huipendi.