Mwanangu anakoroma: nyama za puani zikatwe?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka minne. Anakoroma kila usiku, analala mdomo wazi na mafua hayamwishi. Eksrei imeonyesha nyama za puani, tumeambiwa apasuliwe. Bibi yake anasema akatwe kimeo tu. Tufanyeje?
Mama wa mtoto, Morogoro

JIBU: Mama, kimeo kiacheni kilipo. Nyama za puani ziko juu yake, nyuma kabisa ya pua, na hata mtoto akiasama huwezi kuziona. Kukata kimeo hakuzipunguzi. Kunaleta damu na maambukizi bure.

Eksrei nayo haitoshi kuamua. Ikipigwa mtoto akilia, njia ya hewa huonekana nyembamba kuliko ilivyo. Kinachoamua ni usingizi na masikio. Mrekodi kwa simu usiku akiwa kifua wazi: je, pumzi inakatika kisha anashtuka? Kifua kinabonyea anapovuta hewa? Video hiyo mpelekee daktari wa masikio, pua na koo, naye apime usikivu. Nyama hizi huziba mrija wa hewa wa sikio, maji yakajaa nyuma ya ngoma, na mtoto anayegombezwa kwa ukaidi kumbe hasikii.

Kama pumzi haikatiki na anasikia vizuri, daktari anaweza kuanza na matone ya maji ya chumvi, kisha mometasoni, dawa ya kupuliza puani: mara moja kila tundu kwa siku, kwa wiki 8 hivi. Wazazi wengi huiacha siku ya tano wakidhani imeshindwa, kumbe hufanya kazi polepole. Elekeza upande wa nje wa tundu; ukipulizia ukuta wa kati, pua hutoka damu. Matone ya kuzibua pua msimpe kwa mazoea, huja kuiziba zaidi.

Pumzi ikikatika, au maji ya sikio yakidumu miezi 3, upasuaji una haki yake, na wa pumzi usicheleweshwe. Hufanywa kupitia mdomoni akiwa kwenye nusukaputi, bila jeraha la nje. Semeni mapema kama kuna selimundu au tatizo la damu kutoganda katika familia.

Baada ya upasuaji, nyumbani apewe parasetamo kwa uzito wake, miligramu 15 kwa kilo kila saa 6; aspirini hapana. Harufu mbaya ya kinywa kwa wiki moja au mbili ni kawaida. Damu mbichi, au kumezameza mate usingizini, si kawaida: rudini hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni siku ya saba.