Nyumba inukie, isinuke: sufuria yangu ya Krismasi

Juzi usiku naosha vyombo, simu ikalia. Dada mmoja wa mtaa wa Sakina, Arusha, msomaji wangu wa siku nyingi, kaniandikia hivi: "Dada, nimechemsha viungo kama ulivyotuelekeza Januari. Mume wangu kafika mlangoni tu akauliza, nani humu ndani kang'olewa jino?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikaisha, maana kosa ni langu. Kwenye andiko lile la Januari, la kuchemsha viungo sufuriani ili nyumba inukie, niliandika "karafuu kiasi". Kiasi! Kama vile kila mtu anapimia kwa mkono wangu. Mafuta ya karafuu, ambayo sehemu yake kubwa ni yujenoli, ndiyo hayohayo waganga wa meno wanayotumia kutuliza jino na kuchanganyia dawa ya kuzibia. Shemeji wa Sakina hakukosea hata kidogo, pua yake ni nzima. Tofauti ya kunuka na kunukia ni herufi moja tu, na kwa uzoefu wangu, karafuu kama thelathini hivi.

Basi naandika upya. Ila safari hii nitaanza na aibu yangu, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini niliandika "kiasi".

Mimi nakaa Moshi mjini, nimeolewa Marangu. Aliyeolewa Uchagani anajua kwamba Desemba kwetu si likizo. Watu wanatania kwamba Wachaga wanakwenda nyumbani kuhesabiwa, na wanahesabiwa kweli, ila wake wa ukoo hatuhesabiwi, tunapangiwa zamu. Krismasi ya 2023 nyumbani kwa mama mkwe tulilala watu ishirini na tatu kwenye vyumba vitano. Mbuzi kachinjwa, kisusio, ile supu ya damu, kimepikwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, imeletwa na ndoo yake, manyunyu hayakatiki, soksi za watoto zinakaushwa jikoni juu ya kamba. Kila harufu hapo ina heshima yake. Lakini zichanganye zote kwenye nyumba iliyofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ya mlimani, halafu uingie ukitokea nje.

Wifi yangu mkubwa, anayekaa Dar, alikuja na kopo lake la kupuliza manukato. Alikuwa anapita chumba kwa chumba, pss, pss, pss, kama anaua mbu. Watoto wakawa wanakohoa. Mwanangu ana pumu, nikamwomba wifi taratibu apunguze. Akanijibu, "Kwani wewe una njia nyingine?"

Ndiyo, nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeona kwenye simu picha za wazungu: sufuria nyeupe juu ya jiko, ndani vipande vya machungwa vyenye rangi ya jua, vitunda vyekundu, kijiti cha mdalasini kinaelea, dirishani theluji. Wenyewe wanasema unachemsha polepole siku nzima na nyumba inanukia sikukuu. Kuna jina la Kifaransa la mchanganyiko wa namna hii ambalo ukilitafsiri neno kwa neno ni "chungu kilichooza"; zamani walikuwa wanavundika maua ya waridi kwa chumvi ndani ya chungu. Jina hilo lingenitosha kuwa onyo.

Mkesha wa Krismasi nikajimwaga. Pakiti nzima ya karafuu. Mdalasini wa unga, vijiko sijui vingapi. Iliki, tangawizi, vanila, buni za kukaanga kwa sababu tuko Kilimanjaro bwana, majani ya mkaratusi, na tawi la mkrismasi wa kwenye uzio. Sufuria nikachukua ile ya mtori ya mama mkwe, kubwa, ya miaka na miaka. Nikaitega juu ya jiko la mkaa koridoni, moto umekolea, nikamwachia mtoto wa shemeji kuangalia. Mtoto akaenda kuangalia mbuzi.

Maji yalikauka. Unga wa mdalasini ulikuwa umeshalala chini kama uji, ukaungua kwanza, yaliyobaki yakafuata. Moshi ukapanda mpaka sebuleni kwa wazee. Wifi akasimama mlangoni mwa koridoni, mkono kiunoni, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kihambani, kule kwenye migomba: "Jamani, mwenzenu anapika maganda. Huko mjini kwenu chakula kimeisha?"

Walicheka. Baba watoto naye alicheka. Hilo la baba watoto bado sijalimaliza.

Mama mkwe hakusema neno. Alichukua majivu na jani la mgomba mkavu, akainama akaanza kusugua sufuria yake. Nilimwomba aniachie, hakuniachia. Bora angenigombeza.

Mwaka mzima wa 2024 nilifanya majaribio nyumbani kwangu mjini, usiku, watoto wakishalala. Sitawachosha na hayo. Sufuria mbili ndogo zimekufa, mtungi wa gesi uliisha kabla ya wakati wake, mwenzangu akawa ananiuliza kama nafungua kiwanda. Nilichobaki nacho ni hiki.

Kwanza, punguzeni. Ukiweka vitu kumi, pua haisikii kitu hata kimoja, inasikia fujo. Mimi nina vitano: maganda ya machungwa matatu, vijiti viwili vya mdalasini, kipande cha tangawizi urefu wa kidole kilichopondwa, mabua mawili ya mchaichai yaliyofungwa fundo, na karafuu. Idadi ya karafuu nitaitaja mwishoni, nina sababu zangu. Maji lita mbili.

Chungwa lisikusumbue kwa rangi. Machungwa yetu ya Muheza huiva yakiwa bado ya kijani, kwa sababu ganda linahitaji usiku wa baridi ili rangi ya kijani iondoke, na kule tambarare baridi hiyo hakuna. Nilihangaika soko zima la Mbuyuni natafuta chungwa la rangi ya kwenye picha, kumbe harufu haiko kwenye rangi. Iko kwenye vile vifuko vidogo vya mafuta ndani ya ganda. Kunja kipande cha ganda karibu na mshumaa, utaona mafuta yanaruka yanawaka cheche. Kwa hiyo tunda kula, au wakamulie watoto juisi. Unachohitaji ni ganda, na ulioshe vizuri.

Mdalasini nunua wa vijiti, si wa unga. Ule mwembamba, unaojikunja matabaka mengi kama sigara, unaotoka Zanzibar, una harufu tulivu kuliko gome nene gumu lililojikunja mara moja. Karafuu nayo usinunue kwa macho. Karafuu ni tumba la ua ambalo halijafunguka, limekaushwa, na ikikaa sana dukani mafuta yanakwisha inabaki kijiti. Itumbukize kwenye glasi ya maji. Nzuri itazama au itasimama wima. Ikilala juu ya maji kama imekufa, imekufa kweli. Muuza viungo mmoja aliniona nafanya hivyo mbele ya meza yake akaniuliza kama nimetumwa na serikali.

Mkaratusi acha kabisa. Mnakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, nchi nzima tumejifunika mablanketi tunapiga nyungu? Mkaratusi, malimau, tangawizi. Harufu ile ikiingia sebuleni leo, hakuna mgeni atakayewaza Krismasi. Kila mtu atamwuliza mwenzake kama ana homa. Kahawa nayo, pamoja na uzalendo wangu wote, ikichemka saa nzima inageuka kitambaa kilichoungua. Inywe.

Kijitawi cha mkrismasi si kibaya, kimoja, urefu wa kiganja, kama una hakika uzio haujapigwa dawa. Ila usichume kitu usichokijua. Nyua zetu zina minyaa, na maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni ni hospitali. Na sale, tafadhali, usilitie sufuriani kwa ajili ya urembo wa rangi ya kijani. Binti mmoja aliyeolewa jirani alitaka kufanya hivyo. Jani tunaloshika tunapokwenda kuomba msamaha, wewe unalichemsha na maganda? Mzee mmoja angeanguka pale pale.

Pili ni moto, na hapa ndipo wengi mnapoharibu, mimi nikiwa mwenyekiti wenu. Maji yakishachemka mara moja, shusha moto hadi mwisho wake. Hutaki yatokote kwa kelele, unataka yatetemeke, kipovu kimoja kimoja pembeni mwa sufuria. Moto mkali unatoa harufu yote ndani ya robo saa, halafu unabaki na supu ya maganda. Usifunike. Kila nusu saa ongeza kikombe cha maji ya moto. Mimi natega kengele ya simu, kwa sababu nimejifunza kutomwamini mtoto wala mimi mwenyewe. Ukitoka kwenda kanisani, zima. Ukienda kulala, zima. Narudia: zima. Nyumba inayonukia huku inaungua haina faida.

Na kama unatumia mkaa, hapa sina utani. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama baridi ya Marangu inakung'ata masikio, hata kama umelifukia majivu ili moto uwe mdogo. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa ambayo haina rangi wala harufu, na karafuu zako zote haziwezi kukuonya. Mwaka ule mimi nilikuwa nimeliweka koridoni, watu ishirini na tatu wanakwenda kulala. Nikiwaza hilo sasa hivi, kuungua kwa sufuria naona kulituokoa. Chemsha jikoni nje, kisha ingiza sufuria ndani ikiwa na mvuke, iweke juu ya meza. Ikipoa, rudisha. Ni kazi, ndiyo. Ukipata gesi, fungua dirisha moja hata hivyo. Mvuke wa siku nzima unalowesha kuta, na mwenye pumu usimkalishe karibu na sufuria.

Niseme na jingine, mtanisamehe. Wanawake wenzangu, tunajitesa kwa picha. Tunataka Krismasi ya theluji wakati nje migomba inadondosha maji. Sasa hivi kuna watu wananiuliza vitunda vyekundu vinapatikana wapi Arusha. Vya nini? Una mchaichai nyuma ya nyumba, jirani ana mlimau, Mangi wa duka hapo kona anauza mdalasini kwa vipakiti. Tumia ulicho nacho. Na wewe unayepuliza makopo juu ya vichwa vya watoto wa watu halafu unamcheka anayechemsha maganda, Mungu anakuona.

Haya, nimeshusha pumzi.

Krismasi ya 2024 nilipanda Marangu na sufuria yangu mwenyewe na jiko langu dogo la gesi kwenye buti. Sikutangaza kitu. Saa kumi na moja alfajiri niliamka kabla ya zamu, nikatega, moto wa chini, dirisha wazi kidogo. Saa moja watu wanaanza kuamka, nikasikia mmoja mmoja anasimama koridoni anavuta pumzi. Hakuna aliyesema kitu, watu wa mlimani hawasifii hovyo. Mama mkwe ndiye aliyeingia na kikombe chake mkononi. Akakisogeza kwenye sufuria.

"Niwekee, mwanangu. Chai ya viungo inanukia hivi sijainywa tangu nimeolewa."

Nikamwambia si chai, mama, ni ya kunukisha nyumba tu.

Alinitazama kwa muda. "Umeamka saa kumi na moja kutupikia harufu?"

"Ndiyo, mama."

Akaketi. Nikamtengenezea chai ya kweli, tangawizi na mdalasini, kwenye birika. Ile ya sufuriani msinywe, ina ganda na tawi na imekaa motoni siku nzima. Akaondoka na kikombe chake, na jioni nikamsikia anamwambia jirani kwa simu kwamba mkwe wake ana maji yake, uje uyasikie. Maji yake! Nililia kidogo, nikasingizia vitunguu.

Siku ya pili yake wifi alinivuta pembeni, karibu na zizi. Kopo lake halikutoka kwenye begi siku zote zile, nililiona. Akaniuliza kwa sauti ya chini ninaweka nini. Nikamtajia vyote: maganda, vijiti, tangawizi, mchaichai, moto mdogo, maji ya moto kila nusu saa. Akauliza, "Na karafuu ngapi?"

Nikamwambia, "Weka kiasi, wifi. Utaona mwenyewe."

Nilijua kabisa atakachofanya, mkono wake naujua. Na Januari nilipokaa kuandika hapa, nikijua ananisoma, nikaandika hivyohivyo, "kiasi", ili asije akalipata jibu mtandaoni. Dada wa Sakina umelipia ugomvi usio wako. Nisamehe, na mwambie shemeji nyumba ifunguliwe madirisha siku mbili, harufu ya jino itatoka. Yaliyobaki sufuriani usiyaweke zaidi ya siku ya pili, yanaota ukungu. Yamwage kwenye migomba.

Mwaka huu tunapanda tarehe 22. Wifi anatangulia na basi la kutoka Dar, na nimesikia amenunua sufuria.

Wifi, kama unasoma hapa, ni nane. Karafuu nane, maji lita mbili.