Asali kuchacha ndani ya ndoo, na nyuki wadogo wa ukutani

Ndugu yetu wa Chamwino ameuliza kwa nini asali aliyoirina mwezi wa Machi imetoa povu na kuchacha ilhali hakuitia maji, na kama inafaa kuwahamishia mzingani nyuki wadogo wasiouma wanaoishi kwenye ufa wa ukuta wake. Nafuga nyuki upande wa Manyoni kwa mizinga ya viunzi vya juu, yaani vijiti vinavyopangwa juu ya mzinga ili nyuki waning'inize masega yao, hivyo nitajibu kwa yale niliyoyaona mwenyewe.

Maji hayo yalikuwamo ndani ya masega tangu mwanzo. Nyuki huipepea mbochi, yaani maji matamu ya maua, kwa mabawa mpaka maji yapungue, na ikiiva ndipo huziba kila kitundu kwa nta. Asali ya nyuki hawa wanaouma ikibaki na maji zaidi ya asilimia 20 ni rahisi kuumuka. Mwezi wa Machi mvua kwetu bado inanyesha na alizeti zimechanua, kwa hiyo mbochi mbichi inaingia kutwa nzima. Ukanda wa sega ulio karibu na kiunzi huzibwa kwanza, nao ndio unaowadanganya wanaochungulia kwa juu tu. Inua kiunzi kikiwa wima, bila kukilaza, maana sega jipya lililojaa hukatika, kisha kagua pande zote mbili. Lisipozibwa angalau robo tatu, lirudishe. Mimi husubiri mvua zikome, Mei kuelekea Juni, na hata hapo huwaachia nyuki masega kadhaa, kwa sababu kiangazi chetu ni kirefu na kundi lenye njaa huhama. Ndoo nayo iwe kavu na yenye mfuniko unaobana, kwani asali hunyonya unyevu wa hewani. Hiyo iliyokwisha kuchacha usiichemshe ili uiuze; wazee wangeipeleka moja kwa moja kwenye wanzuki, pombe ya asali, na sioni kosa lao.

Kuhusu nyuki wadogo, naelewa tamaa ya kuwafuga, kwa kuwa asali yao huuzwa ghali kuliko ya nyuki wakubwa. Lakini hawa hawaweki asali kwenye masega, bali katika vijungu vya nta iliyochanganywa na utomvu, na asali yao huwa nyepesi na yenye uchachu kwa asili yake. Malkia wao anayetaga huwa na tumbo lililovimba kiasi kwamba hawezi kuruka, kwa hiyo akiangukia kwenye kifusi kundi linaweza kupotea. Ushauri wangu ni kuwaacha hapo walipo, isipokuwa kama ukuta wenyewe unabomolewa. Ikibidi, subiri jioni warudi wote, ukate kipande cha ukuta chenye kiota kizima, na ukibebe bila kukigeuza juu chini, kwa maana kila yai limekaa juu ya chakula cha majimaji ndani ya kitundu chake, na kitundu kikipinduliwa yai huzama na kufa.