Pampu ya sodiamu ya kipindupindu inaendeshwa na nini?

Swali: Nasoma diploma ya maabara mwaka wa pili. Tumefundishwa bakteria wanasukuma protoni nje ndo wapate ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli), halafu mwalimu akasema wa kipindupindu anasukuma na sodiamu. Pampu ya kisima inataka umeme, sasa hii inaendeshwa na nini wakati ATP bado haijatengenezwa?

Jibu: Mdogo wangu, umeuliza penyewe. Hiyo pampu haili ATP hata moja, umeme wake ni elektroni. Chakula kikivunjwa ndani ya seli elektroni zinabebwa na molekuli inaitwa NADH, inazikabidhi kwa enzaimu inaitwa Na-NQR iliyojichomeka kwenye utando, ina vipande sita, na elektroni inapokezanwa humo kutoka flavini moja (molekuli ya kupokea na kupitisha elektroni) kwenda nyingine, kuna na vituo vya chuma na salfa njiani, mpaka inatua kwa kwinoni, molekuli ya kwenye utando inayoipokea mwishoni. Mojawapo ya hizo flavini ni riboflavini tupu, yaani vitamini B2 yenyewe, kitu adimu sana kwenye enzaimu. Elektroni inavyoshuka inaachia nguvu na nguvu hiyo ndo inamtoa sodiamu nje.

Sasa nje kunajaa chaji chanya, ndani kunabaki hasi, kwa hiyo sodiamu inatafuta pa kurudia na milango ni michache. Mmoja ni mota ya mkia. Siku ukipata sampuli mbichi ya kile choo cha mgonjwa kinachofanana na maji ya mchele, weka tone chini ya hadubini uangalie wanavyochomoka kama vimondo, kasi ile ni sodiamu inaingia ndani inazungusha mkia, mi mpaka leo nikiiona nasimama kuangalia.

Mwalimu hajakosea kuhusu protoni, huyu bakteria anasukuma zote mbili. Ila kumbuka ile peptoni ya alikali, yale maji ya virutubisho mnayomwoteshea, pH yake kama 8.6 na chumvi imo, kwenye mazingira hayo protoni nje ni chache mno, sodiamu ndo inamwokoa, na ile chaji ya kwenye utando inasaidia kuvuta hata protoni ziingie.

Mwanasayansi Peter Mitchell alilisema wazo hili la ioni (chembe zenye chaji kama protoni) na utando mwaka 1961, wengi wakambishia, Nobel akaipata 1978. Na sisi binadamu Na-NQR hatuna, mitokondria zetu zinasukuma protoni, ndo maana watafiti wanaisaka dawa ya kuiziba hiyo pampu bila kumgusa mgonjwa. Kwa TB njia ya karibu na hiyo ishafanya kazi, dawa ya bedaquiline iliyoidhinishwa Marekani 2012 inabana enzaimu inayotengeneza ATP ya bakteria.