Shangazi, harusi ya Fes yaanza usiku kweli?

Swali: Shangazi, natumai u mzima. Rafiki niliyesoma naye chuoni ni Mmoroko wa Fes, na amenialika harusini kwao mwezi wa nane. Mwaliko unasema saa tatu usiku, nikadhani wamekosea. Nivae nini, nibebe nini? Mimi ni Mkristo, Kiarabu sijui hata neno, na naogopa kumwaibisha mbele ya jamaa zake. *Msomaji, Kisumu.*

Jibu: Mwanangu, hawajakosea. Mimi nilitoka Nakuru kwenda Fes na mazoea ya harusi zetu, ambako saa kumi na mbili jioni viti vinapakiwa kwenye lori. Saa tatu kamili nilikuwa mlangoni, nikawakuta vijana bado wanatandika meza. Bibi harusi aliingia karibu saa sita, na sisi tukatoka alfajiri. Basi mchana wa siku hiyo lala, hata mji ukikuvuta vipi.

Dini isikutie hofu. Hati ya ndoa huandikwa mbele ya waandishi wawili wa kisheria, ambao kwao huitwa *adoul*, na mara nyingi hilo huwa limekwisha siku kadhaa kabla. Unayoalikwa wewe ni karamu, ya nyumbani au ya ukumbini. Msikitini hutaitwa, misikiti mingi ya Moroko haiingiwi na asiye Mwislamu.

Wanawake huvaa takchita: gauni la ndani, joho la juu lililo wazi mbele, na mkanda mpana kiunoni. Hukodishwa, kwa hiyo mwombe rafiki yako akutafutie. Ukipenda chako, mpe fundi kitenge kizuri akishone kirefu, mikono ifike kwenye kiganja. Mimi nilivaa hivyo, na shangazi yake bibi harusi alifuta vidole kwa kitambaa kwanza, kisha akaushika upindo wangu akaugeuza kutazama mshono. Nyeupe mwachie mwenyewe.

Yeye atabadilisha nguo mara nyingi, huenda hata mara saba, akiongozwa na *neggafa*, mama anayemvika na kumpamba kama somo wa Pwani. Kisha utaona amariya. Ni machela yenye kuba inayometa. Wanaume wanne wanaitwika mabegani, wanaiyumbisha huku na huku kwa mdundo wa ngoma, naye ndani ameshika ukingo kwa mkono mmoja na kupunga kwa mwingine. Mimi machozi yalinitoka. Wanawake wakianza vigelegele, piga vyako vya Kisumu kwa nguvu zote. Kiarabu cha kukutosha ni *mabrouk*, yaani hongera.

Mezani mtazunguka sahani moja kubwa. Kula kwa mkono wa kulia, upande ulio mbele yako, mkate ndio kijiko chako. Bastila, pai yao ya unga mwembamba, ina nyama ya njiwa au kuku, lozi na mdalasini, na juu imenyunyiziwa sukari laini. Usiikatae kwa kuona sukari juu ya nyama. Ila onja kwa kiasi. Mimi nilishiba kuku wa zeituni na limau, na nyama yenye plamu kavu ilipofika sikuweza kuigusa, mama mwenye nyumba akasikitika kweli.

Zawadi ni bahasha ya pesa. Ukitaka kuwagusa wazee, ongeza koni ya sukari, ile ngumu ya kilo 2 iliyofungwa kwa karatasi. Inauzwa madukani hukohuko. Wewe uliyeona sukari ikipelekwa kwa wakwe huku Nyanza huhitaji kuelezwa maana yake.

Na wakikuita usiku wa hina, kabla ya siku yenyewe, nenda. Huko ni wanawake watupu, wanakaa karibu karibu, na hakuna anayekutazama kama mgeni. Nyoosha kiganja, tulia, na usikikunje mpaka hina ikauke.