Vijiwe vya figo na dawa za Ayurveda (tiba ya jadi ya Kihindi): majibu kwa wasomaji

*Shikamoo daktari. Altrasaundi ilionyesha nina jiwe la milimita 8 kwenye mrija unaotoka figo ya kushoto. Kwenye duka la dawa za Kihindi nikapewa unga wa kuchemsha, na baada ya wiki mbili maumivu yakaisha kabisa. Je, jiwe limeyeyuka? Mama, Tanga*

Marahaba mama. Nimefurahi maumivu yamekuachia, lakini nakuomba urudi kupima wiki hii hii. Jiwe linauma kwa sababu linaziba njia ya mkojo na mrija unatanuka ghafla. Linaweza kubaki palepale, maumivu yakatulia, huku figo inaendelea kujaa mkojo ulioshindwa kushuka. Ikikaa hivyo wiki nyingi, figo inakufa taratibu bila mwenyewe kujua. Hili linaniumiza kuliko yote ninayoandikiwa, maana mtu anafika hospitali figo moja imeshakwisha na bado anaisifu dawa iliyomtuliza.

Inawezekana pia jiwe limetoka. Yaliyo chini ya milimita 5 mengi hutoka yenyewe. La milimita 8 nalo huweza kutoka, ila si mara nyingi hivyo. Ndiyo maana shuhuda za dawa hizi hazikosekani: jiwe dogo lingetoka hata bila unga. Kuyeyuka ni habari nyingine. Mawe mengi ni ya kalsiamu na oksaleti (kitu kilichomo kwenye vyakula kama mchicha na karanga), na hayo hayana dawa ya kunywa iliyothibitishwa kuyayeyusha, iwe ya hospitali au ya mitishamba. Yanayoweza kuyeyuka ni yale ya asidi ya yuriki, kwa dawa za kupunguza ukali wa mkojo, tena chini ya macho ya daktari.

*Ni kweli ndani ya dawa hizo kuna mbigiri? Na zinasaidia? Msomaji, Dodoma*

Kweli. Wahindi wanaiita gokshura, na ni mbigiri hiihii inayotuchoma miguu. Huchanganywa na mmea wa pashanabheda kutoka milima ya Himalaya, gome la mti wa varuna na mmea wa punarnava. Majumbani watu huchemsha dengu za kulthi wakanywa mchuzi wake. Elimu hii ni ya kale. Maandishi ya Sushruta, tabibu wa kale wa India, yanaeleza aina za mawe, hadi namna ya kumpasua mgonjwa kutoa jiwe la kibofu, na mimi naiheshimu kazi hiyo.

Ila kwa binadamu ushahidi wa mitishamba hii bado ni mwembamba. Vidonge vya mchanganyiko mmoja maarufu vilijaribiwa na watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, kwa wagonjwa wachache, na matokeo yakatoka 2011: mkojo haukubadilika kwa kiasi cha maana, wala mawe hayakupungua ndani ya mwaka. Linganisha na maji. Huko Italia, wagonjwa waliokwisha kupata jiwe mara moja walifuatiliwa kwa miaka 5, matokeo yakachapishwa 1996. Waliohimizwa kunywa maji mengi, waliopata jiwe tena ni 12 kati ya 99. Wasiohimizwa, 27 kati ya 100. Kwa hiyo kunywa hadi ukojoe lita 2 na zaidi kwa siku, na kama kazi yako ni ya juani, ongeza. Mkojo uwe wa njano hafifu mchana kutwa. (Aliyekatazwa maji mengi kwa sababu ya moyo au figo dhaifu, afuate daktari wake.)

Ukiamua kutumia mitishamba pamoja na hayo, mwambie daktari wako, hasa kama unameza dawa za presha au kisukari.

*Nimeshauriwa kusaga birimbi na kunywa juisi yake kila asubuhi. Msomaji, Unguja*

Acha kabisa, ndugu yangu. Birimbi limejaa oksaleti, kitu kilekile kinachojenga mawe. Kule Kerala, India, madaktari wameripoti watu waliokunywa juisi nzito ya birimbi wakitafuta kushusha mafuta kwenye damu, figo zao zikafeli ghafla na baadhi wakahitaji kusafishwa damu. Vipande viwili vitatu kwenye mchuzi wa samaki havina neno. Ukitaka uchachu wa kukusaidia, kamulia ndimu au limau kwenye maji yako, bila sukari.

*Niache maziwa? Msomaji, Nakuru*

Usiache. Kalsiamu ya chakula huishika oksaleti tumboni kabla haijafika kwenye figo. Punguza chumvi na nyama nyingi. Mchicha na karanga kula kwa kiasi.

*Nimeuziwa unga mweusi usio na lebo, muuzaji anasema ni bhasma. Nitumie? Msomaji, Mwanza*

Usitumie. Bhasma ni majivu ya madini yaliyochomwa, na baadhi hutengenezwa kwa zebaki au risasi. Mwaka 2004 ilitangazwa kwamba dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani eneo la Boston zilipimwa, na 14 zikakutwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi yenyewe inaharibu figo, kwa hiyo unaweza kutibu jiwe huku unaua kiungo kilekile. Na mjamzito asiguse dawa hizi kabisa.

*Lini nisisubiri? Na jiwe likitoka nilitupe? Msomaji, Kigoma*

Homa au kutetemeka kwa baridi pamoja na maumivu ya ubavu, mkojo kukatika, kutapika hadi maji hayakai, au una figo moja tu: nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Jiwe lililoziba njia penye maambukizi linaua kwa muda mfupi.

Jiwe likitoka usilitupe. Kojoa kwenye chombo, pitisha mkojo kwenye chujio la chai utakalolitenga kwa kazi hiyo, kausha ulichopata na ukipeleke kwa daktari ili kipimwe maabara. Aina ya jiwe ndiyo itakayoonyesha nini ubadilishe kwenye chakula chako.